Tumbaku Yenye Umande

Mke wangu aliondoka mwezi wa pili, na mwezi wa sita mimi nikaenda Myanga, Bungoma, kuchuma tumbaku. Watu wa mtaani waliyaunganisha mambo hayo mawili, wakasema nimekimbia aibu. Ukweli ni kwamba nyumba ilikuwa imenishinda. Ni nyumba ya vyumba viwili nyuma ya msikiti, hapa Kitale, aliyoijenga marehemu baba enzi akiuza vitambaa sokoni. Mke wangu alipoondoka alichukua cherehani yake, na sakafuni pakabaki alama nne za miguu ya meza yake. Kila asubuhi nilikuwa nazizunguka kama vile meza bado ipo.

Hatukugombana. Alisema amechoka kungoja nizungumze. "Ninaishi na mtu anayepima vitu," aliniambia, akiwa amekaa kitandani na mtandio wake begani. "Unapima, unaandika, unanyamaza." Sikuwa na jibu, na kukosa jibu kwangu kulikuwa ndiko alikokuwa akikusema. Akaenda kwa dada yake Eldoret.

Mimi ni fundi wa maabara. Tunapima udongo wa wakulima, mahindi, majani ya kulisha ng'ombe. Kazi ya tumbaku ilitujia mara hiyo moja tu. Wanunuzi fulani walitaka kujua jani likichumwa bichi, likichumwa limeiva, na likichumwa limepitiliza, ndani yake hubadilika nini; na kama mbegu ya zamani na mbegu ya kisasa hubadilika sawasawa. Mkuu wetu, mwanamke mpole niliyemzidi umri kwa miaka mingi, alituuliza nani yuko tayari kukaa Bungoma wiki saba. Wenzangu walikuwa na watoto wa shule, na mashamba, na wake waliowangoja jioni. Niliinua mkono kabla hajamaliza.

Siku ya mwisho kabla ya safari, mzee mmoja aliniuliza tukivaa viatu mlangoni mwa msikiti, "Tumbaku nayo imekuwa kazi?"

"Mimi napima tu, mzee."

"Anayepima pombe naye hunusa," akasema, akashika fimbo yake akaenda.

Shamba lilikuwa mteremkoni, mwendo wa dakika ishirini kutoka sokoni Myanga, ambako nilipanga chumba nyuma ya mashine ya kusagia. Mwenye shamba alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mjane, mrefu, mwenye mikono mipana. Watoto wake wote walikuwa wamehama. Mkubwa alikuwa Endebess, anafuga ng'ombe. Alibaki peke yake na kuku, na redio aliyoiacha ikizungumza jikoni kutwa nzima hata akiwa shambani. Nilipomwuliza kama betri haziishi, alisema, "Ziishe tu. Nyumba ikinyamaza inakuwa kama ya watu wamekufa."

Aliniita daktari tangu siku ya kwanza. Nilimweleza kwamba mimi si daktari, akasema sawa, daktari.

Alikuwa amepanda mistari ya aina mbili. Upande wa juu ilikuwa mbegu ya kisasa, yenye majani mapana ya rangi iliyofifia, ambayo hukaushwa kwa joto la banda mpaka yanakuwa ya manjano kama ganda la ndizi. Upande wa chini ilikuwa ile ya zamani, majani mazito ya kijani cheusi, ambayo watu wa huko walikuwa wakisaga ugoro tangu babu zao. Aina zote mbili alikuwa ameshazikata maua, ili nguvu iliyokuwa ikipanda kwenye mbegu irudi kwenye majani. Kazi yangu ilikuwa kugawa kila upande mafungu matatu: fungu la kuchumwa mapema, fungu la kuchumwa wakati wake, na fungu la kuachwa lipitilize.

Tukagombana siku ile ile ya kwanza.

"Hii haijaiva," alisema aliponiona nimeinama kwenye fungu la kwanza. "Unaitoa ya nini?"

"Ndiyo maana naitoa, mama. Tunataka kuona ikiwa bichi inakuwaje."

"Si mimi nakwambia inakuwaje. Ukiikausha inabaki na kijani kama mboga. Moshi yake inakwaruza koo. Haina utamu."

"Ni kweli. Ila tunataka kujua kwa nini."

Kisha akasema shamba ni lake na mkataba alikubali mwenyewe, kwa hiyo hatanizuia, lakini mkono wake hautachuma jani bichi. Nikitaka, nichume mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa hadi mwisho. Yaliyoiva alichuma yeye. Mabichi na yaliyopitiliza yakawa yangu.

Nilikuwa nimekuja na daftari lenye kalenda: siku kadhaa tangu miche ipandikizwe, chuma majani ya chini, siku kadhaa baadaye, ya katikati, halafu ya juu. Yeye hakuwa na kalenda. Alipita kati ya mistari akishika majani kwa vidole viwili. Jani lililoiva, alinionyesha, linaanza kufifia kwenye ncha, uti wake unakuwa mweupe, ngozi yake inapata vijivimbe kama ya mtu aliyesikia baridi, na ukilivunja kwenye shina linatoa mlio mmoja mkavu. Jani bichi halilii, linachanika. Na mkono nao husema, kwa sababu jani lililoiva linaacha gundi nyeusi ambayo haitoki kwa maji matupu.

Kwa mbegu ya kisasa, kalenda yangu na mkono wake vilikubaliana karibu kila mara. Kwa ile ya zamani havikukubaliana hata kidogo. Kalenda iliposema limeiva, yeye alisema bado, na aliposema bado alitembea zake wala hakubishana. Nilisubiri na kulivunja jani mwenyewe. Likachanika. Nikampigia mkuu wangu simu nikamweleza, naye akasema nifuate mkono wa mkulima, mradi niandike tarehe. Kuanzia hapo tukawa tunaelewana.

Sisemi tulikuwa marafiki. Tulikuwa tunafanya kazi mistari miwili mbali, saa nzima bila neno, halafu yeye anauliza kitu kimoja. Siku moja aliuliza kama nina bibi. Nikasema ninaye, yuko Kitale, ni fundi wa nguo. Lilinitoka hivyo hivyo, bila kupanga. Kesho yake akanipa mayai sita niyahifadhi nimpelekee. Niliyakaanga chumbani kwangu, mawili mawili, kwa siku tatu, huku mashine ya kusagia ikitetemesha ukuta.

Saa sita mchana alinitengea chakula. "Kura kwanza," alisema. Kwao *l* na *r* hukaa nyumba moja. Nilikula kwenye benchi nje ya jikoni naye akala ndani, redio ikisoma matangazo ya vifo. Alikuwa akiyasikiliza kwa makini na kunitajia waliokuwa wa kwao.

Jambo alilonionya lilikuwa moja tu: nisiingie tumbakuni asubuhi kabla jua halijakausha umande. Nilidhani anaogopa majani kupata madoa. Sikuuliza, naye hakueleza. Kwake lilikuwa jambo ambalo mtu mzima yeyote analijua.

Juma la sita nililazimika kuchuma majani ya juu ya mbegu ya zamani, fungu la kupitiliza. Gari la maabara lilikuwa linakuja siku hiyo saa tano. Usiku mvua nyepesi ilikuwa imenyesha, na asubuhi ukungu ulikataa kuondoka. Mama alikuwa ameenda mazishini ng'ambo ya mto. Nilingoja mpaka saa mbili, nikaona nitachelewa, nikaingia.

Majani yale yalikuwa makubwa kuliko mkono wangu, mazito, yenye mabaka ya manjano, na kila moja lilikuwa na maji. Nilivunja na kuyapanga kwenye mkono wa kushoto, yakijaa nayakumbatia kifuani kuyapeleka kwenye turubai. Baada ya safari tano au sita shati lilikuwa limeloa mpaka ngozini, rangi ya chai ya rangi. Sikujali. Nakumbuka nilikuwa hata nimeridhika, kazi ikienda.

Kwanza mdomo ulijaa mate. Nikatema, ukajaa tena. Kisha kichwa kikawa chepesi na mistari ya tumbaku ikaanza kujipinda. Nilidhani ni njaa. Nikapiga hatua nikatapika, nikatapika tena mpaka hakuna kitu, na jasho baridi likanitoka wakati nilikuwa natetemeka. Moyo ulikuwa ukienda mbio halafu unasita. Nikalala chini kati ya mistari, shavu kwenye udongo uliolowa, nikajua kwamba nakufa kwa moyo, kama baba.

Nilitoa simu. Haya ndiyo ninayoyakumbuka vizuri kuliko yote. Nilipitia majina nikitafuta wa kumpigia. Mkuu wangu, lakini angefanya nini akiwa Kitale. Dereva, alikuwa njiani. Mwenye mashine ya kusagia sikuwa na namba yake. Jina la mke wangu lilikuwa la pili kutoka juu, kwa sababu hakukuwa na watu wengi niliokuwa nimewapigia tangu alipoondoka. Kidole kilikaa juu yake. Nikawaza atakavyoshtuka, na atakavyouliza niko wapi, na jinsi nitakavyolazimika kuanza kumweleza kwamba niko Bungoma, katikati ya tumbaku, na tangu lini. Ilionekana hadithi ndefu mno kwa mtu anayekufa. Nikairudisha simu mfukoni.

Sijui nililala pale kwa muda gani. Nilichosikia ni sauti ya mwenye shamba, karibu sana, haina haraka.

"Ulikumbatia yenye maji?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ni tumbaku imekulevya. Inaingia kwa ngozi. Toa shati."

Sikuweza, akalitoa yeye. Aliniburuta, nasema aliniburuta kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, akinishika chini ya makwapa mpaka kwenye nyasi, akiwa bado na nguo zake za mazishini. Akaleta beseni na kipande cha sabuni ya kufulia, akanisugua kifua, mikono, shingo, mgongo, kama anasugua sufuria. Maji yalitoka kahawia. Akabadilisha maji akasugua tena. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na saba, kifua wazi, nalia, na nilikuwa nalia si kwa sababu ya maumivu. Tangu mwezi wa pili hakuna mtu aliyekuwa amenigusa isipokuwa kwa kunipa mkono wa salamu.

Hakusema nyamaza. Alinivika shati la marehemu mumewe, likanipwaya, akaniegemeza ukutani na kunipa maji kijiko kwa kijiko.

Bodaboda ilitubeba wote wawili hadi zahanati, mimi katikati ili nisidondoke. Mhudumu, kijana mwenye miwani, alinisikiliza moyo akaniambia ameshaona wachumaji wengi namna hiyo, hasa msimu wa ukungu, na kwamba nitapona kesho. Kisha akachukua fomu.

"Jamaa wa karibu ni nani?"

"Ana bibi Kitale," mama alisema.

"Sina," nikasema. "Aliondoka."

Mhudumu alingoja kalamu ikiwa juu. Mama alinigeukia, akanitazama, na nilijua anafikiria mayai.

"Basi andika mimi," akamwambia kijana.

Akataja jina lake na namba yake ya simu, polepole, tarakimu moja moja. Pale penye uhusiano, kijana aliandika *mama*, naye hakusahihisha.

Nililala kwake mchana huo wote, kwenye godoro sebuleni. Jioni alinipa uji. Hakuuliza habari za mke wangu, ila aliposhika kikombe alisema, "Ungeniambia. Ningekupa mayai hata hivyo."

Kuhusu tumbaku, mambo yaliharibika. Dereva alipofika alikuta shamba tupu na turubai limejaa, akabeba kila alichokiona, yangu pamoja na fungu la yaliyoiva lililokuwa likingoja bandani. Yote yalifika Kitale kwenye gunia moja. Mkuu wangu hakunifokea. Alisema tutaandika ukweli, sampuli zimechanganyika, na nikaenda kuchuma upya kwenye fungu la akiba tulilolitenga mwanzoni. Nilichuma saa saba mchana, jua kali, mikono mirefu, na mama alisimama kwenye kichwa cha mstari mpaka nikamaliza.

Msimu ulipoisha nilirudi Kitale na kujifungia maabara. Nilikausha, nikasaga, nikachekecha, nikapima. Mabichi ya mbegu ya kisasa yalikuwa na sukari kidogo na naitrojeni nyingi, ndiyo iliyokuwa ikikwaruza koo. Yalipoiva sukari ilipanda, kwa sababu jani linapokomaa hujaza wanga, na wanga huo hugeuka sukari linapokaushwa. Yalipopitiliza sukari ikashuka tena, kana kwamba jani limeanza kujila. Ya zamani haikujali sana mambo ya sukari. Ilikuwa nayo kidogo katika kila umri. Nguvu yake ilikuwa nikotini, ambayo ilizidi kadiri jani lilivyokomaa, na ilizidi kabisa kwenye majani ya juu. Nilipoisoma ile namba nilikaa chini. Nilikuwa nimeikumbatia kifuani.

Wakati huo ndipo mke wangu alipokuja kuchukua vyeti vyake vya shule vilivyobaki kabatini. Alisimama mlangoni, mkoba begani. Aliniuliza kwa adabu habari za kazi, na mimi, sijui kwa nini, nikaanza kusema. Nilimweleza mbegu mbili, jani linavyolia, umande, mate mdomoni, sabuni, fomu. Nilisema mpaka chai niliyomwandalia ikapoa. Hakunikatiza.

"Ungenipigia," alisema nilipomaliza.

"Niliogopa kukusumbua."

Alizungusha kikombe mezani. "Miaka kumi na moja," akasema, "hujawahi kuniambia jambo refu namna hii."

Nikadhani ataketi zaidi. Lakini gari la Eldoret lilikuwa linajaa, na vyeti alikuwa ameshavipata. Nilimsindikiza mpaka kona. Tulipeana mikono.

Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba majibu yakitoka nitampelekea mwenyewe. Nilipompigia, simu ilipokewa na mwanawe. Mama yuko Endebess sasa, alisema. Goti lilikuwa limemshinda, mteremko ule haumfai tena, wamemleta akae na wajukuu. Shamba wamelikodisha kwa mtu wa maharagwe.

Nilienda Jumamosi. Nyumba ilikuwa nzuri, ya matofali, mahindi pande zote na Mlima Elgon nyuma yake umejifunika mawingu. Nilimkuta kwenye kochi lenye vitambaa, amevaa sweta jipya. Nilitazama mikono yake kwanza. Gundi ilikuwa imekwisha kutoka, hata kwenye kucha, na mikono ilionekana ya mtu mwingine.

Nilimsomea karatasi mstari kwa mstari, nikigeuza kila neno gumu liwe jepesi. Mwanawe alikaa nasi kidogo kwa heshima, kisha akaenda kwenye ng'ombe. Mama alisikiliza amefumba macho.

"Kwa hivyo ile ya zamani ndio kali."

"Ndiyo, mama. Hasa ya juu, ikikomaa."

"Na ya kisasa ukiichelewesha inapoteza utamu."

"Ndiyo."

"Haya yote tulikuwa tunayajua."

"Mlikuwa mnayajua. Sasa yameandikwa."

Alifikiri juu ya hilo. Akaomba karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya Biblia yake, ingawa wote wawili tulijua hatapanda tumbaku tena. Aliniuliza kama napika mwenyewe. Nikasema napika. Aliniuliza kama bibi amerudi. Nikasema hapana, alikuja akaenda. Akatikisa kichwa pole pole. Wajukuu waliingia wakawasha televisheni, ikawa hatusikilizani vizuri. Nikaaga.

Kazi ya tumbaku haijaja tena. Wanunuzi wale walipata walichotaka, na siku hizi napima chakula cha ng'ombe, magunia kwa magunia. Bado nakaa nyumba ile ile nyuma ya msikiti. Ijumaa, baada ya sala, huwa nampigia mama. Mara nyingine hupokea mwanawe, ananiambia mama amelala. Mara nyingine hakuna anayepokea.

Ijumaa iliyopita alipokea mwenyewe. Tulizungumza habari za mvua ya Endebess, habari za ng'ombe mmoja anayempiga teke kila anayemkamua, na habari za goti. Kisha mtu akamwita, naye akaniambia, "Ngoja kidogo, daktari," akaiweka simu mezani. Nilisikia ndoo zikigongana, watoto wakipita, mlango ukifunguliwa na kufungwa. Nadhani alisahau. Nilikaa nikisikiliza nyumba ile mpaka simu ikakatika yenyewe.